Maji Yenye Ilifika Mbele ya Saa Yake

Juzi nilikwenda ku kiwanja, hapa kwetu Kasongo, kuangalia mujukuu yangu Feza anacheza mupira. Mupira wa miguu, ndiyo, na yeye ni mwanamuke! Wakati yetu nani angekubali? Mimi napenda sana, sitaficha. Nabeba kiti yangu ya pulasitiki, naiweka karibu na musitari, napiga kelele mupaka batu banaulizana: huyu koko, huyu bibi muzee, banamutoa lini? Banitoe wapi! Mwenye anacheza pale ni damu yangu.

Basi ile siku ekipe ya Feza balikuwa banapigwa. Si kupigwa kidogo. Goli tano, sita, munane, tisa, kwa bule, bila yabo hata moja. Arbitre, mwamuzi wa mupira, kijana moja mwenye roho ya kuhurumia batu, akaangalia saa yake, akaangalia bale batoto na jasho na vumbi, akapiga firimbi: mwisho! Wakati ilikuwa ingali mingi. Nikazani Feza atafurahi. Hapana! Mu magoli yote tisa hakulia hata mara moja, lakini kisha firimbi akakuja kwangu na machozi mupaka ku shingo.

"Koko, ametufukuza," akasema. "Ametufukuza kama kuku mu mupunga."

Pa kutoka, batu bakaanza kubishana. Kijana wa pikipiki mwenye alitubeba akasema arbitre amefanya muzuri, ile haikukuwa tena muchezo, ilikuwa kuua. Mama moja wa kuuza mandazi akamurukia: "Kwani kuko mutu alikufa? Angebaacha bamalize yabo!" Bakanigeukia mimi, juu niko muzee. "Koko, wewe unasema nini?"

Ah, benzangu, mudomo yangu haijafunguka bado, pua ikanikamata. Ilikuwa harufu. Majani ya kiwanja yenye kukanyagwa na miguu mingi, jua kali juu yake, ile harufu ya ubichi na ya kukauka pamoja. Iliniingia mu pua, ikanirudisha ku kijiji kwenye nilizaliwa, upande wa Wamaza, ile siku mimi mwenyewe, katoto ka miaka munane ao tisa, nilikata mupira ya batu bazima katikati. Bila firimbi. Na beseni ya maji.

Mungoje nibaelezee kwanza, musinikimbize.

Kwetu mu kijiji hakuna mutu alikuwa na saa ya mukono. Firimbi ilikuwako moja, ya mwalimu, na aliifungaka mu sanduku. Lakini mupira ulikuwa na mwisho yake. Pembeni ya kiwanja kulisimama hangari, gala ya zamani ya pamba, bati yote kutu. Pamba yenyewe batu balikuwa bameacha kuilima. Kivuli ya ile hangari ilikuwa inatambaa ku majani polepole. Ikifika ku musitari wa ngambo, mutoto mwanamuke wa kwa kapita, ni kusema mukubwa wa kijiji, anatoka na beseni ya maji safi, anapita katikati ya kiwanja, anapiga magoti mbele ya bageni. Bageni bananawa mikono. Basi, imekwisha. Juu mutu mwenye umemupa maji ya kunawa, huwezi tena kumutokesha jasho. Amekuwa mugeni wa kula. Hata kama mupira iko mu hewa inaelekea ku goli, maji ikitoka, ile goli hakuna.

Kapita alikuwa baba yangu. Na katoto ka kubeba beseni nilikuwa mimi. Nilijiona mukubwa, siwadanganye! Nilikuwa nasimama pembeni na kikwembe yangu ya kujifunga, naangalia ile kivuli kama ni mimi ninaivuta na kamba.

Na kulikuwa tena ingine. Kama mu bale bageni kuko kijana mwenye anaposa mu kijiji, ile maji inahesabiwa inatoka mu mukono wa ule binti. Akinawa, amemukubali mbele ya batu bote. Asiponawa, hata kama anasema tu "rudisheni kwanza", amemurudisha ule binti kwabo. Hakuna kubembelezana kisha pale. Bamama balikuwa bametuelezea hadisi ya binti moja, mu kijiji ya jirani, mwenye maji yake ilirudia mu beseni vilevile safi, na yeye akazeekea kwa kaka yake.

Sasa, ile mwaka, binti alikuwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, Mwamini.

Yaya Mwamini njo alinikomalisha, alinilea. Mama alikuwa mu shamba tangu asubui, mimi nilikomalia mu mugongo wa yaya. Nilikuwa najua harufu ya shingo yake kuliko ya mama. Na kijana mwenye alikuwa anamutaka, Asumani, alitoka upande wa Lusangi, mukulima wa mupunga, murefu, mwembamba, masikio makubwa. Mimi sikumupenda hata kidogo. Si juu ya masikio. Juu nilijua anakuja kunichukulia yaya.

Yeye na vijana ya kwabo balitembea siku nzima, bakafika na magoti meupe ya vumbi, bakalala kwetu. Kesho yake ni mupira, kisha mupira ni kula, kisha kula ni maneno ya bakubwa. Na mukubwa wa ile maneno alikuwa mujomba wetu, kaka ya mama, mwenye alivuka muto Luama kukuja juu ya ile tu. Baba alikuwa ameshakubali. Mama alikuwa ameshakubali. Lakini kama mujomba hajatoa neno, hakuna ndoa. Na mujomba alikuwa mutu wa kukunja uso, mabega kama mulango.

Asubui ya ile siku nilimusikia anasema na baba, mimi niko nyuma ya nyumba nafagia.

"Mimi sitamuuliza kitu ule kijana," mujomba akasema. "Nitamuangalia mu mupira. Nikitosheka, tutasema kisha kula. Nisipotosheka, nitakula, nitalala, nitarudi kwangu."

Mukumbuke nilikuwa mutoto. Mimi nilielewa hivi: banacheza juu ya yaya. Bageni bakishinda, banamubeba. Kwetu tukishinda, anabaki. Hakuna mutu alisema vile, lakini mu kichwa yangu ilikaa sawasawa, kama kifuniko ku nyungu yake. Na kaka yangu Sefu njo alikuwa mufungaji wetu, miguu kama ya swala. Nikafurahi sana. Nikasema, leo Asumani atajua.

Sikujua kama vijana ya nguvu ya kwabo Asumani, pamoja na mulinzi wao wa goli, balikuwa bamekwenda ku machimbo ya zahabu, hawakurudia. Bale balikuja balijazana tu ili Asumani asikuje peke yake. Na juu hakuna mutu ingine alitaka, Asumani mwenyewe njo alisimama mu goli.

Mupira yenyewe ilikuwa ya utomvu, ya kujitengenezea. Nzito, benzangu! Ikikupiga ku paja inaacha alama. Inaruka kwenye inataka, leo huku, kesho kule.

Hatukukaa hata kidogo, Sefu akafunga. Kijiji yote ikaruka. Nikakimbia mupaka jikoni, kwenye yaya alikuwa na nyungu ya wali na kuku mbili. Yaya hakuwa na ruhusa ya kutoka. Binti mwenye kuposwa bakwe hawamuone mupaka neno litoke. Alikuwa anasikia makelele tu kupitia ukuta ya miti na udongo.

"Yaya! Moja kwa bule!"

"Nani kwa nani?"

"Sisi! Sefu!"

"Aa," akasema, akafunika nyungu.

Nikarudi mbio. Ya pili. Nikakimbia tena. Ya tatu ikakuja mbele hata sijafika jikoni ku ya pili, nikazibeba zote mbili pamoja.

"Yaya, tatu! Tatu kwa bule! Ile moja ilimupita mu miguu, akakaa chini kama chura!"

Njo pale niliangalia uso yake. Ilikuwa kama mutu mwenye amemeza kitu ya moto na hawezi kuitema juu kuko bageni. Aliendelea kukata kitunguu, na kitunguu ilikuwa imekwisha kukatwa zamani.

"Na mujomba," akaniuliza, "anafanya nini?"

"Anaangalia."

"Anasema nini?"

Nilijua anasema nini, kijiji yote ilisikia. Ku ile ya tatu mujomba aligonga fimbo yake chini, akasema: "Huyu analinda nini? Akijenga nyumba, mbuzi itaingia, itakula wali, itatoka, yeye anaangalia!" Na batu bakacheka.

"Hasemi kitu," nikajibu. Ile ilikuwa uongo yangu ya kwanza.

Nilirudi ku kiwanja lakini miguu haikuwa tena na mbio. Ya ine. Ya tano. Bakwetu balikuwa bamelewa na furaha, hata bale batu bazee. Kijana moja alikuwa anaimba jina ya Sefu na kutembea na mikono. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nilianza kuomba mu roho: Sefu, anguka. Sefu, ukanyage mwiba. Hapo nikaenda jikoni tena.

"Ngapi?" yaya akauliza.

"Tatu."

"Ile tatu yako inafungwa mara ngapi? Nimesikia makelele mara tano."

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Usinidanganye. Niko mu moshi, lakini masikio yangu haiko mu moshi."

"Tano," nikasema. "Lakini moja ilikuwa ya bahati."

Ku ya saba, baba aliinuka pa kiti yake, akakwenda karibu na mujomba. Mimi nilikuwa nyuma yao kabisa, karibu ningewagusa.

"Shemeji," baba akasema, "tutoe maji. Bale ni bageni. Tunabaaibisha ku kwetu wenyewe."

Mujomba hakugeuka. "Kivuli iko wapi?"

Kivuli ilikuwa hata haijagusa katikati.

"Ninaona iko wapi. Lakini hii haiko tena mupira."

"Ukitoa maji sasa," mujomba akasema, "unabaambia nini? Unabaambia: ninyi ni batoto, mumeshachoka, mukuje mulale. Mimi, mutu akinipiga, naweza kukubali. Mutu akinihurumia mbele ya mwanamuke wangu, sitakanyaga tena kwake. Waache."

"Na wakifungwa makumi mbili?"

"Wafungwe makumi mbili."

Baba akasimama pale, mikono nyuma. Alikuwa kapita, angeweza kuniita na kichwa tu. Hakuniita. Akarudi pa kiti yake, na nikaona anaangalia chini kila mara bakwetu banapiga.

Mimi ile maneno ya mujomba sikuielewa. Kwangu mimi alikuwa tu mutu mubaya mwenye anataka shemeji Asumani afe. Ndiyo, munaona, nilikuwa nimeshamuita shemeji mu roho bila kujua.

Ikakuja ya munane, ikakuja ya tisa. Kisha ile ya tisa Asumani aligeuka, akatupatia mugongo, akainama nyuma ya nguzo. Uso yake mu viganja. Mabega yake inatetemeka. Vijana bakwetu banacheka: "Analala! Mumupe mukeka!" Nikakimbia.

"Yaya, analia!"

"Nani?"

"Shemeji. Amejificha uso. Analia, yaya, mabega inaruka hivi."

Yaya aliacha kijiko. Aliangalia ukuta kama anaona kupitia udongo. Halafu akakamata ile beseni nyeupe ya mama, ya maua mekundu, yenye ilikuwaka ya bageni tu. Akachota maji mu mutungi, akaimimina. Maji ikagonga pembeni ya beseni kama mutu anabisha hodi.

"Peleka."

"Yaya, kivuli haijafika."

"Nimesema peleka."

"Mujomba amekataa. Baba mwenyewe..."

"Weye ni mutoto. Mutoto anaweza kukosea saa." Akaniwekea beseni ku kichwa. "Enda. Usinitaje."

Benzangu, nimebeba vitu ku kichwa maisha yangu yote, kuni, mihogo, batoto wagonjwa. Hakuna kitu ilikuwa nzito kama ile maji. Nilitoka jikoni, nikapita mbele ya bamama, moja akasema "Ee, huyu anakwenda wapi?", nikapita nguzo ya hangari, nikakanyaga musitari. Majani ilikuwa ya moto chini ya miguu. Sefu alikuwa na mupira, anakimbia mwenyewe kuelekea goli, ile ya kumi. Akaniona. Akasimama kama mbuzi mwenye kamba imeisha.

Makelele ikakatika. Yote. Nilisikia ndege.

"Weye!" Sefu akapiga kelele. "Una wazimu? Rudi!"

Siwezi kurudi. Maji ikishatoka, haina kurudi na mutoto, ile nilikuwa najua. Nikaendelea mupaka katikati, nikapiga magoti, nikashusha beseni, kidogo ikamwangika ku paja yangu. Kapiteni ya bageni, kijana mufupi mwenye ndevu, akakuja juu yangu na macho mekundu.

"Jua iko wapi?" akauliza, si mimi, kijiji nzima. "Jua iko wapi, batu ya hapa? Munatunawisha mikono saa hii kama bagonjwa? Tulitembea siku nzima kukuja kuhurumiwa?" Akageukia benzake: "Chukueni vitu vyenu. Tunakwenda. Na weye Asumani, ile maji usiiguse!"

Nikaona mujomba anasimama. Fimbo mu mukono. Baba pia. Nikaona bamama ku hangari bamefunika midomo. Njo pale tu, na magoti mu majani, kitu ikafunguka mu akili yangu: nimemuua yaya. Asumani akinawa, benzake batamucheka mupaka kaburini, kama aliokolewa na maji ya mwanamuke. Asiponawa, amemurudisha yaya, na yaya atazeekea mu ile jikoni. Hakuna mulango ya tatu. Na mimi mwenyewe njo nilibeba ile.

Asumani akatoka mu goli, anatembea polepole. Hakuwa analia. Uso yake ilikuwa kavu kabisa. Akachuchuma mbele yangu, masikio yake makubwa ilikuwa mekundu na jua ilipita ndani.

"Nani alikutuma?" akaniuliza, na sauti ya chini.

Nikaangalia beseni. Aliniangalia, akaangalia upande wa jikoni, kwenye moshi ilikuwa inatoka ku majani ya paa, na nikaona amejua.

"Usiseme," akasema.

Akapiga magoti mawili, vile mutu anapokea kitu kwa bakwe. Akakamata beseni na mikono yote mbili, akaiinua kidogo ku uso. Kapiteni yake akasema "Asumani!", yeye hakugeuka. Akapaza sauti:

"Maji nimepokea. Aksanti sana kwa mwenye ameituma. Ni yangu, na nitanawa." Akapumua. "Lakini bakwe zangu, mutu ananawa mikono yenye uchafu. Mimi mupira sijaugusa hata mara moja! Muniache nicheze kwanza, kivuli ikifika labda nitakuwa nimeugusa."

Halafu bibi moja muzee ku hangari akapasuka na kicheko. Na kijiji ikamufuata. Bakacheka, bageni nao bakacheka, hata ule kapiteni alifunika ndevu na mukono. Nikaangalia mujomba. Hakucheka. Lakini alikaa chini.

Asumani akanikamata bega, akaniongoza mupaka ku goli yake, akanisimamisha pembeni ya nguzo.

"Shika beseni vizuri," akaninong'oneza. "Ukimwanga, mimi nimekwisha. Unasikia?"

"Nasikia, shemeji."

Sitasema uongo, ile saa yenye ilibaki ilikuwa ndefu kuliko siku ya njaa. Nilisimama pale na beseni ku tumbo, mikono inakufa, na mupira inakuja. Bakwetu hawakumuhurumia tena hata kidogo, na ilikuwa muzuri vile; Sefu alipiga kama mutu anafukuza nyoka. Ya kumi ikapita. Ya kumi na moja ikapita karibu na sikio yangu. Kila mara nilifunga macho, nikayafungua, nikaangalia maji, maji ilikuwa ingali. Na kwa vile nilikuwa karibu, njo niliona kitu yenye batu ya mbali hawakuona. Asumani alikuwa anagusa ule mupira. Aliugusa mara mingi, na mikono mitupu, ku mipira mingi yenye haikuingia mu goli juu yeye aliizuia, na hakuna mutu aliihesabu. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka. Utomvu iliivua kama ngozi ya ndizi mbivu. Kisha kila mupira aligeuka nyuma ya nguzo, akainama, akaweka uso mu viganja, akavipulizia, akavilamba, na mabega yake ikatetemeka juu ya maumivu. Kumbe ile njo nilikuwa nimeona. Hakukuwa kulia.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Angalia beseni yako," akasema.

Kisha ile ya kumi na tatu nilianza kumuonesha kwenye Sefu anapenda kupiga. "Mukono wa kuume, shemeji! Sefu anapigaka kuume!" Nilisahau kabisa kama Sefu ni kaka yangu. Akaruka kuume, akaushika, akaanguka na mupira ku kifua, na bageni bakalia furaha kama wameshinda vita. Kisha ikakuja ya kumi na ine, ile ilikuwa muzuri sana, hakuna mutu angeishika.

Na kivuli ikafika.

Batu bote balisimama tu kwenye walikuwa. Asumani akakuja mbele yangu, akapiga magoti. Nikaweka beseni chini. Akanyoosha mikono, na nikaona anaogopa maji. Mutu mwenye hakuogopa ule mupira anaogopa maji, juu alijua itamuunguza, na batu batamuona anakunja uso, na ukikunja uso ku maji ya binti, batasema nini?

Njo pale fimbo ya mujomba ikaanguka kando yangu ku majani. Aliinama, na mabega yake makubwa, akachota maji mu viganja vyake mwenyewe. Akaimimina polepole juu ya mikono ya Asumani. Asumani akauma mudomo, lakini uso haikukunja. Maji ikageuka ya rangi, udongo na damu kidogo. Mujomba akakamata ule mukono moja, akaugeuza, akaangalia kiganja muda murefu.

"Na ulituambia haujagusa mupira," akasema.

"Nilisema vile juu bacheke, mujomba."

Mujomba akachota tena, akamwangia mukono wa pili. Asumani alikuwa amemuita mujomba, na yeye hakumukatalia ile jina.

Nilibeba beseni na ile maji chafu mupaka jikoni. Yaya alikuwa amesimama pa mulango, ndani kidogo, kwenye haonekane. 

"Kumi na ine," nikasema mbele hajauliza, juu nilikuwa nimechoka na uongo.

"Sikuulize magoli."

"Alinawa."

Akashika ukuta. "Mwenyewe? Hakusema ngojeni?"

"Alinawa, yaya. Na mujomba njo alimumwangia."

Yaya akakaa chini, pale pale, mu majivu, na kikwembe yake muzuri ya ile siku. Akafunika uso, na nikasikia anacheka, na nikasikia hacheki. Halafu akanivuta, akanikumbatia sana, beseni kati yetu, ile maji ikatumwangikia sisi bote mbili. Shingo yake ilikuwa na harufu ya moshi na kitunguu.

Na mimi, ku ile shingo, njo nilielewa kitu nilifanya. Kama ningebaki nyuma ya hangari na kunyamaza, bageni bangefungwa, mujomba angekula, angelala, angevuka Luama, na yaya angebaki wangu. Ni mimi nilibeba ile maji. Na miguu yangu. Nilimutoa mu nyumba na kichwa yangu mwenyewe.

Nikatoka inje, nikakaa pa mulango, nikalia mupaka kamasi ikafika ku kidevu. Bageni balikuwa banapita kwenda kula, banacheka, banaoneshana alama ku mapaja. Mama moja wa kijiji akasimama mbele yangu na sahani ya wali, akaita mwenzake.

"Ona huyu mutoto wa kapita," akasema. "Ana roho muzuri, jamani. Analilia bageni juu ya ile magoli."